Tundu la Tatu

Kila akitoka shule, Pilipili alibadili sare, akavaa barakoa na kufagia karakana ya shangazi yake. Jina hilo alipewa nyumbani, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kuwaka. Shangazi alitengeneza miguu ya bandia, na vumbi lililobaki chini ya meza yake halikuwa la kuchezea: jeusi, laini, likikugusa shingoni unajikuna mpaka usiku.

Siku hiyo Pilipili alifagia huku amefura. Mezani palikuwa na mguu wa kaka yake, aliyekatwa mguu baada ya ajali na kutembelea magongo tangu hapo. Jumamosi kulikuwa na mbio shuleni, na kaka alikuwa ameandikishwa. Unyayo wa mguu huo ulikuwa wa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, tabaka juu ya tabaka. Ulihitaji matundu matatu ya skrubu. Mawili yalikuwa tayari. Kabla ya la tatu, shangazi aliitwa hospitali kumpima mgonjwa.

"Usiguse keekee, usitoboe chochote mpaka nirudi," alikuwa amesema. "Wewe umetoboa vipande vya mazoezi tu. Unyayo wa mtu si mazoezi."

Kaka alichungulia mlangoni, akaona meza, akashusha pumzi. "Kwa hiyo leo pia siupati."

Maneno hayo yalimchoma Pilipili. Shangazi ana wagonjwa wote duniani isipokuwa wetu, alisema moyoni. Kaka alipoondoka, aliwasha keekee.

Ncha mpya za keekee zilifungiwa kabatini. Kaboni humaliza makali ya ncha upesi, na zilizokuwa butu shangazi aliziweka kwenye kopo, za kutobolea mbao. Pilipili alichukua moja humo. Ubao wa kukaza nyuma ya unyayo, unaozuia nyuzi zisichanike, hakuufunga, maana aliona unamchelewesha. Akakandamiza kwa hasira zake zote. Kaboni ikapiga kelele, ikanuka gundi iliyoungua, kisha ncha ikachomokea upande wa pili kwa kishindo.

Mbele, tundu lilikuwa la mviringo, safi kabisa. Nyuma, nyuzi zilikuwa zimechanika na kusimama kama mswaki uliochakaa, na tabaka la mwisho limebanduka. Je, alijilaumu? Thubutu. Alimlaumu shangazi kwa kutokuwepo. Akanyoa nyuzi kwa wembe, akapaka gundi, akapiga msasa, akamalizia na rangi nyeusi. Ungeapa kwamba ni tundu zima.

Shangazi aliporudi na kuona, uso ulibadilika. "Nani katoboa?"

"Mimi. Na limetoka vizuri."

"Habari ya kunivunjia amri tutaizungumza. Mwite kaka yako, uje ugonge."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya karakana ile. Aliyetoboa tundu huligonga kwa sarafu pande zote, mbele ya mwenye mguu. Penye uzima husikika mlio mkali. Palipoachana ndani, sauti hufifia. Pilipili aligonga la kwanza: ti. La pili: ti. Kwenye la tatu alikwepesha mkono. Aligonga pembeni, mbali na rangi. Ti.

Kaka alicheka kwa furaha, skrubu zikakazwa, naye akakaa na kuanza kuufunga mguu. "Shangazi hakukuamini," alisema, "lakini mimi nakuamini, Pilipili."

Akasimama. Akaegemea unyayo kwa uzito wake wote, akapiga hatua ya kwanza bila gongo. Pilipili aliuona ule unyayo ukipinda, na hasira yake yote ikamgeukia yeye mwenyewe.

"Uvue," alisema. "Nimesema uvue." Akapiga magoti, akagonga pale penye rangi. Du.

Shangazi alichukua wembe, akakwangua rangi, nyuzi zikatokeza. Akamgeukia Pilipili kwa ghadhabu. "Umeharibu tundu, sawa. Mimi nimeharibu mengi kuliko nywele zako. Lakini umekaa hapa ukapaka rangi, mtoto wa watu akimbie juu yake? Ungevunjika akiwa mbioni, ungemwambia nini?"

Unyayo ulitupwa. Jumamosi kaka aliwatazama wenzake wakikimbia, magongo kwapani, na njia nzima ya kurudi hakumsemesha dada yake. Alikuwa na haki.

Walitengeneza unyayo mwingine. Shangazi alimkabidhi Pilipili ncha mpya. "Funga ubao nyuma. Usikandamize, iache ncha ikate yenyewe." Tundu la tatu lilichukua muda. Nyuma, tundu lilitoka kama mbele.

"Sikiliza," shangazi alisema. Sasa hasira ilikuwa imempoa, lakini hakutabasamu. "Kosa likisemwa, linatugharimu unyayo. Likifichwa, linamgharimu mwenye mguu. Ukiharibu kitu, njoo uniambie hata kama nitafoka. Nitafoka, halafu tutatengeneza."

Kaka alikuja, akaketi, uso ungali umekunjamana. Alimwekea Pilipili sarafu mkononi, akaelekeza kidole ukingoni kabisa mwa tundu la tatu.

"Gonga hapa," alisema.

Ti.

"Tena."

Pilipili aligonga mpaka kaka alipoinama na kuanza kufunga mkanda wa mguu.