Kichupa cha Mwanawema

Mwanawema Jecha alikutwa amekufa juu ya msala wake wa kusalia, kijijini Gando, adhuhuri ya Ramadhani kumi na saba. Majirani walisema saumu imemlemea. Inspekta Time Silima hakukubali. Mwanamke wa miaka ishirini na sita, mzima wa afya, hauawi na saumu ya saa saba.

Mumewe, Othman, alikuwa ameshawekwa rumande Wete, kwani ndugu wa marehemu walishikilia kuwa amemtilia sumu. Bila ushahidi mwengine, kijana yule angeozea ndani.

Daktari Hamad alimaliza uchunguzi wa maiti.

"Maabara imekuta dawa ya kisukari kwenye damu."

"Alikuwa na kisukari?"

"Hata. Alikuwa mgonjwa wangu, lakini kwa jambo jengine. Homoni zilimwotesha ndevu. Nilimpa vidonge vya kuzipunguza, kila siku kimoja, alfajiri; mwezi huu, wakati wa daku. Miezi minane sasa, na vilimfaa. Alinisihi nisimwambie mtu, hata mumewe."

Time alimwaga mezani vidonge vya kichupa kilichokutwa sandukuni mwa marehemu.

"Ndivyo hivi?"

Daktari alivigeuza kimoja kimoja. "Hivi ni vya sukari. Vinafanana na vyangu, lakini sivyo. Mtu kavibadilisha."

Kule rumande, Othman aliulizwa swali moja.

"Ulijua mkeo akiota ndevu?"

"Ndevu? Mke wangu?" Alishangaa mpaka akasahau kulia.

"Nani hufungua sanduku lake?"

"Hapana mtu. Labda Bi Bimkubwa, somo wake."

Kalamu ya Time ilisita. Bi Bimkubwa alikuwa somo wake pia. Ndiye aliyemfunda alipovunja ungo, akamfunda tena alipoolewa. Mambo ambayo Time hajamwambia mama yake, Bi Bimkubwa anayajua. Hata ufunguo wa nyumba yake alimpa.

Alimkuta ukumbini anasuka ukili.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Msiba huu ni wetu sote."

"Ulijua Mwanawema anatumia dawa?"

"Dawa gani? Sina habari, mie."

"Ndevu zake nani akizitoa?"

"Mie, kwa uzi. Kila Alhamisi, tangu yu kigoli."

"Mara ya mwisho lini?"

"Rajabu."

"Mbona uliacha?"

"Zilikoma."

"Ndevu za miaka kumi na miwili zikome tu, nawe usiulize?"

Vidole vya Bi Bimkubwa vilisimama juu ya ukili.

"Somo, una sukari. Daktari kaniambia, siku mbili kabla ya msiba ulichukua vidonge vya mwezi mzima. Nionyeshe."

Mfuko ulikuwa na vidonge sita. Bi Bimkubwa aliuangalia, kisha akaangua kilio.

"Sikutaka afe, wallahi! N'lisema asipopata dawa yake ndevu zitaota, atarudi. Mie sikujaaliwa mtoto, Time. Alhamisi akilala hapa mapajani, n'kamtia uzi, tukizungumza hadi alasiri. Mara akaacha kuja. N'kamfata kwake, kidevu laini, n'kamuuliza. Ati zimekoma zenyewe! Kunidanganya mie n'liyemfunda! Alipokwenda kutia udhu, n'kafungua sanduku. Dawa nikaiona. Siku ya pili n'kaja na vyangu."

"Ukampa vya sukari."

"Mie navimeza kila asubuhi, havijanidhuru!"

"Wewe hufungi, somo. Ukishavimeza unakula. Yeye alivimeza daku, akashinda na njaa."

Bi Bimkubwa aliuangusha ule mfuko. Mwaka wa tano sasa tangu daktari amkataze kufunga. Alikuwa amesahau kwamba wenziwe wanafunga.

Time aliandika maelezo yote, akamsomea, akamtia dole gumba kwenye wino. Roho ilimuuma, wala hakuificha; machozi yalimdondokea juu ya karatasi.

"Usilie, mwanangu," Bi Bimkubwa alimbembeleza, kama alivyozoea. "Na wewe mbona siku hizi huji?"

Time alijifuta uso. Pingu alizitia kwanza. Kisha akanyoosha kiganja.

"Ufunguo wangu, somo. Nirudishie."

Kwa mikono iliyofungwa, Bi Bimkubwa akaanza kufungua fundo la pindo la kanga yake.