Binti wa Thelujini

Maji yalianza kuonekana chini ya picha ya Kijapani karakanani mwa Jovina siku ya Jumatatu, na Kigali ilikuwa haijaona tone la mvua tangu Juni. Jovina akayapangusa, akamsingizia paka.

Ilikuwa picha ya hadithi ya maadili, ya zile zinazochongwa kwenye ubao kisha kupigwa chapa karatasini: binti anapita thelujini na bakuli la uji, anampelekea mama yake mgonjwa. Mteja aliileta iwekwe fremu. Ilizidi fremu kidogo, na Jovina, mafundi wa fremu tunawajua, akaifanya kama picha za harusi: akakata ukingo. Kwenye ukingo ule ndiko kulikuwa na nyumba, na yule mama mlangoni. Kipande akakiwashia mkaa.

Jumanne karakana ikanuka nyasi zilizolowa. Jumatano mchana ikasikika mitalawanda, vile viatu vya mbao, ko, ko, kutoka ukutani hadi mlangoni na kurudi, na msichana akilia kwa lugha asiyoijua Jovina, ila kilio alikielewa, maana hata yeye mama yake, Praxeda, alikuwa kitandani Busanza, na kila asubuhi alimwachia uji kwenye chupa na kujiambia kesho nitakaa naye, na kesho hiyo haikufika.

Alhamisi jioni akamwita ustadhi Nzeyimana, jirani anayesomea watu wenye majini.

"Dada, huyu iko natafuta mama yake," ustadhi alinong'ona. "Ile kipande iko wapi?"

"Nimekichoma."

"Yampayinka! Sasa nitamufukuza aende wapi, na nyumba yake umechoma? Atatafuta mama ingine mugonjwa. Kimbia kwa mama yako."

Jovina akaitazama picha. Theluji tupu, binti hayumo.

Alidandia pikipiki hadi Busanza. Praxeda alikuwa anatabasamu, miguu imelowa, na kando yake bakuli tupu ambalo si la nyumba ile.

"Umesahau nini tena, mwanangu?"

"Mama, ndiyo kwanza nafika."

"Acha utani. Umeninywesha uji, umeniosha miguu, umekaa nami mchana kutwa. Nilikuwa na hamu na wewe, Jovina." Akafumba macho. "Haya, twende. Baridi siiogopi."

Mkono wake ukapoa mkononi mwa Jovina. Nje mitalawanda ikashuka ngazi polepole, na pembeni yake nyayo zinazoburuta, za mtu mzima anayeshikwa mkono.

"Mama!" Jovina aliita.

Nyayo hazikusita. Kwani mama angegeukia nini, na binti yake alikuwa naye?