Siku ya Kuuzwa Mwewe

Maiti alikuwa amelazwa katikati ya uwanja wa mpira wa kikapu, ubavu wake wa kulia ukiwa chini, amefunikwa bendera ya timu kutoka shingoni hadi miguuni.

Inspekta Mwatima alisimama kwenye mstari mweupe, hakuukanyaga. Taa moja ya darini ilikuwa ikizimika na kuwaka. Nje kulikuwa kumekucha, lakini kucha kwa Landani mwezi wa Januari ni kucha kwa jina tu.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema kimoyomoyo.

"Himid," alisema Sajini Justin. "Mmoja wa wamiliki wawili wa timu. Mwenzake ni Ranjan. Leo mchana walikuwa watie saini, Mwewe wa Thornton Heath wawe mali ya Wamarekani."

"Wamarekani gani?"

"Kampuni yenye timu ya besiboli kwao. Wanataka na ya kikapu huku. Wameshakagua kila kitu, na chama cha ligi kimeshawakubali. Wangehamishia timu mji mwingine na kubadilisha jina. Nimewashabikia Mwewe tangu utotoni, bosi. Hawajawahi kushinda kikombe, lakini ni wetu."

Daktari wa uchunguzi wa maiti, Jane, alikuwa amepiga magoti.

"Alianguka kutoka kwenye ngazi za watazamaji, akapiga kisogo," alisema. "Kifuani ana michubuko ya viganja. Alisukumwa. Kisha mtu akamburuta mpaka hapa."

"Na hiyo skafu aliyofungwa usoni? Alizibwa mdomo?" aliuliza Justin.

"Hapana. Ilifungwa alipokwisha kufa, kutoka kidevuni hadi utosini. Na tazameni huku."

Aliinua ncha ya bendera. Miguu ilikuwa mitupu, na vidole gumba vimefungwa pamoja kwa kamba ya kiatu, rangi ya kahawia.

Justin alirudi nyuma. "Uchawi?"

"Adabu," alijibu Mwatima. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwetu maiti hufumbwa macho, hufungwa taya asibaki mdomo wazi, hufungwa vidole vya miguu. Aliyemuua ndiye aliyemhudumia."

Viatu vya marehemu vilikuwa pembeni, kamba zake zote mbili zimo.

Adhuhuri ilipoingia, Mwatima alitoa simu yake ili ajue kibla. Mshale ulielekea kusini mashariki, kwenye mlango wa vyoo. Akautazama mshale, akamtazama maiti. Himid alikuwa ameupa mlango ule mgongo. Uso wake ulitazama kaskazini, kwenye ukuta mtupu.

Mtu aliyejua taya, macho na vidole, asijue kibla?

*

Mtuhumiwa alipatikana kabla ya chakula cha mchana: Vuai, mtoto wa ndugu yake Himid, kocha wa Mwewe. Kijana aliyezaliwa Landani, mrefu kama mnazi. Juzi alikuwa amempigia ami yake kelele mbele ya wachezaji wote. Ufunguo wa ukumbi alikuwa nao. Alama za vidole vyake zilijaa kwenye bendera.

Katika chumba cha mahojiano, Mwatima alimuuliza kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kiingereza, kama watoto wa huko walivyo.

"Ulimwambia nini ami yako?"

"Kwamba anatuuza kama mbuzi."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Natembea. Peke yangu. Nilikuwa na hasira."

"Nani alikuona?"

"Mvua."

"Vuai, usinifanyie mzaha."

"Sina mzaha, anti. Yule ndiye aliyenilea. Bendera ile naikunja mimi kila baada ya mechi, mngekuta vidole vya nani?"

"Ukiwa ukumbini, unasali wapi?"

Kijana alishangaa. "Kwenye korido, karibu na vyoo. Kila siku. Kwa nini?"

Mwatima alikwenda kwa mkubwa wake, akamweleza. Kijana anayesali pale kila siku hawezi kumlaza ami yake akaikosea kibla.

"Alichanganyikiwa," alisema mkubwa. "Muislamu amefungwa kwa desturi za Kiislamu, na mtoto wa ndugu yake ana hasira na ufunguo. Hakimu hatasikiliza mshale wa simu yako, Mwatima. Jioni hii namfungulia mashtaka ya mauaji."

Nje ya ofisi, kwenye benchi, alikaa Bi Mardhiya, mjane wa Himid. Baibui lake lilikuwa limelowa mvua.

"Wewe ndiye mtoto wa Kipemba?" aliuliza.

"Ndimi, bibi. Pole sana."

"Pole haijanifika bado. N'sikilize, mwanangu. Sikujaaliwa kuzaa. Vuai nimempokea ana miaka mitatu, mamake amefariki. Mume nimeshampoteza. Usininyang'anye na mtoto siku moja."

"Mwenye kujua ni Mungu, bibi."

"Najua kuwa anajua. Nakwambia wewe, kwa sababu wewe ndiye anayekutumia."

Mwatima alishuka ngazi akiwa na maneno yale kifuani kama jiwe la kusagia.

*

Aliyebaki kuulizwa ni Ranjan, mshirika wa marehemu. Aliishi Queensbury, upande wa pili wa jiji. Njiani, Justin akiendesha gari, mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mapaa, na watu walitembea vichwa chini kana kwamba wote wametoka mazikoni.

Mkewe Kokila alifungua mlango. Walivua viatu mlangoni, penye rafu ya viatu, wakaingia sebuleni. Ranjan alikuwa mzee mwembamba, nywele nyeupe kama pamba, Kiswahili chake cha Unguja mjini kisichokuwa na doa.

"Karibu, binti. Himid wangu ameondoka," alisema. "Mimi na yeye tumekaa dawati moja Unguja. Mapinduzi yalipotokea tulikuwa watoto. Sisi tukaondoka na sanduku moja, wao wakafuata baadaye. Tukakutana tena hapa, kwenye kituo cha basi!"

"Mauzo ya timu mlikubaliana?"

"Tulikubaliana. Magazeti yote yana picha yetu tunacheka."

"Na jana jioni?"

"Nilikuwa hapa. Muulize Kokila."

Kokila alikuwa akimimina chai. Kikombe kilijaa, naye akaendelea kumimina mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. Akaenda kuchukua kitambaa.

Mwatima alitazama dirishani. Kiza kilikuwa kinakaribia na alasiri ilikuwa inamponyoka.

"Samahani, mzee. Naweza kupata pembe ya kusalia?"

Ranjan aliinuka haraka, kama mwenyeji aliyelelewa vyema. Akatoa shuka safi kabatini, akaitandika mwenyewe kwenye chumba cha wageni, akainyoosha kwa viganja mpaka ikatulia.

"Sisi tumezaliwa Malindi ya Unguja, misikiti pande zote," alisema. "Hatusahau."

Akatoka, akaurudisha mlango taratibu.

Mwatima alitoa simu. Mshale ulizunguka, ukatulia upande wa mlangoni, kusini mashariki. Shuka ilikuwa imetandikwa kuelekea dirishani.

Kaskazini.

Aliigeuza shuka, akasali. Kwenye sijida ya mwisho alikawia. Aliomba asimsingizie mtu, na asimwogope mtu.

Aliporudi sebuleni hakukaa.

"Mzee Ranjan, nani alikufundisha kibla ni upande wa dirisha?"

"Wa kunifundisha nani? Tulikuwa tukiyachungulia mazishi tangu wadogo. Kila maiti huwekwa kutazama kaskazini. Kila msikiti hivyo hivyo."

"Unguja, ndiyo. Makka iko kaskazini ya Unguja. Lakini sisi tuko Landani. Hapa Makka iko kusini mashariki. Kila Muislamu wa mji huu anajua, hata mtoto wa chuo cha Kurani."

Kikombe kilisimama njiani, hakikufika mdomoni.

"Himid hakusali mbele yako?"

"Alikuwa... akifunga mlango."

"Aliyemlaza Himid alijua desturi zetu zote, mzee. Alizijua kwa macho. Hakuwahi kusimama kwenye safu. Na alizijulia Unguja."

Justin hakujua Kiswahili, lakini alijua sura ya mtu aliyepatikana. Alikwenda mlangoni, akarudi ameshika viatu vya kahawia kwa leso. Kimoja kilikuwa na kamba. Cha pili hakikuwa nayo.

"Vya nani hivi?" aliuliza kwa Kiingereza.

Kokila ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili, macho chini. "Alirudi mguu mmoja unaburuta. Nilimuuliza. Akaniambia ninyamaze."

"Ranjan," alisema Mwatima, "una haki ya kukaa kimya. Utakalosema linaweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Kimya nimeshakaa cha kutosha."

Mzee aliweka kikombe chini.

"Tuliponunua timu tulipeana mkono. Tukasema, hii haiuzwi mpaka tufe. Ukumbi ule ulikuwa nyumba yangu, binti. Nyumba hii ya kulala tu. Wamarekani walipokuja, Himid akavutika. Fungu lake lilikuwa kubwa kuliko langu, neno lake ndilo la mwisho. Nikacheka kwenye picha. Ningefanya nini?"

"Jana?"

"Jana nilimwita ukumbini. Nikamwomba. Himid, rudi nyuma, hatujachelewa, saini ni kesho. Nimeshatolewa kwangu mara moja, usinitoe mara ya pili. Unajua alinijibu nini?"

Aliinuka nusu, akakaa tena.

"Alicheka. Akasema, 'Wewe Ranjan umezaliwa na sanduku mkononi. Kuhama wewe kunakuumiza nini?' Yeye! Aliyekuja nchi hii kwa machozi kama yangu. Nikamsukuma. Sikutaka afe, nilitaka anyamaze. Akanyamaza."

"Kisha ukamfunga."

"Hapakuwa na mtu wa kumfumba macho! Ningemwacha mdomo wazi kama mnyama? Nikamfanyia kama nilivyoona akifanyiwa baba yake."

"Vuai ulisikia amekamatwa?"

Ranjan aliinamisha kichwa.

"Umemfumba macho ami," alisema Mwatima, "ukamwacha mtoto wake aoze jela."

"Nilisema watamwachia. Kila saa nilisema watamwachia."

Justin alitoa pingu. Mzee alinyoosha mikono bila kuambiwa. Mlangoni alisimama, akatazama rafu ya viatu, kisha akamgeukia Mwatima.

"Kwa hiyo nilimlaza vibaya?"

"Ulimlaza akitazama ukuta."

Uso wake ulivunjika kwa mara ya kwanza. Kule kusema nilimsukuma hakukumliza. Hili lilimliza.

*

Vuai aliachiliwa jioni ile ile. Bi Mardhiya alimpiga kofi moja kifuani, kisha akamkumbatia mpaka askari wa zamu wakageuza nyuso.

Wamarekani walisubiri siku chache hotelini, kisha wakaandika kwamba hawanunui timu yenye damu uwanjani. Mwewe walibaki Thornton Heath, bila mnunuzi.

Siku ya maziko Mwatima alisimama nje ya uzio wa makaburi, kwa kuwa wanawake hawakuingia. Upepo ulikuwa mkali. Justin alikuwa karibu naye, kofia mkononi.

Kwa mbali walimwona Vuai akishuka kaburini, udongo wa njano ukimfika mabegani. Alimpokea ami yake, akamweka ubavu wa kulia, akaifungua sanda shavuni. Kisha akamgeuza.

Hakuna aliyemwonyesha upande.