Nilitia Sahihi Uongo wa Mume Wangu, Majitaka Yakamuua Dada Yangu

Nina umri wa miaka thelathini na tisa, ni mtalaka, sina mtoto, na naandika haya nikiwa na hasira. Sitaki pole ya mtu. Pole nimepewa nyingi, na nyingi zilikuwa za unafiki...

Nilizaliwa Muyeye, hapa Malindi. Mama alifariki nikiwa darasa la tatu, akanilea dada yangu mkubwa, Mwanasiti. Alikaanga mahamri kila alfajiri, na kwa mahamri hayo nikasoma hadi chuo cha ufundi. Nilipopata kazi katika kampuni ya majitaka alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. "Mdogo wangu fundi!" alisema. Hakujali kwamba ufundi wenyewe ni wa kushuka kwenye mashimo ya kinyesi.

Naam, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilivaa mabuti marefu na barakoa, nikaingia kwenye manholi, yaani shimo lenye kifuniko la kushukia bombani, nikafunga mita ndani ya bomba. Mita ile hupima kina cha majitaka na kasi yake saa zote. Kila wiki nilirudi kuisafisha na kuchukua vipimo.

Vipimo vilikwenda kwa injinia. Yeye alikuwa na modeli kwenye kompyuta, yaani mchoro wa mabomba yote unaokadiria majitaka yatakavyopita. Lakini makadirio ni dhana tu. Lazima uyalinganishe na yale mita iliyoyapima, kisha urekebishe modeli mpaka mstari wake na mstari wa mita ifuatane. Ni kama fundi cherehani: humpima mtu kwanza, ndipo akakata kitambaa.

Injinia huyo aliitwa Twaha. Akawa mume wangu.

Sitawadanganya kwamba alikuwa mbaya tangu mwanzo. Alikuwa mpole, msomi, mtu wa kutoa shikamoo kwa wazee hata akiwa na haraka. Miaka minne ya ndoa nilikaa bila kushika mimba, na hakuwahi kunirushia neno. Mamake alinirushia mengi... yeye hata moja. Kwa hilo nilikuwa tayari kumfanyia lolote. Lolote! Mjinga mimi.

Wakati huo wakubwa wa kampuni walitaka nyumba mpya za kupangisha ziunganishwe kwenye bomba la zamani lililopita karibu na kwa dada. Twaha alikuwa ameshawaambia, mbele ya kikao, kwamba bomba litatosha. Alisema hivyo kabla hata mita yangu haijamaliza mwezi.

Kisha ikanyesha mvua ya vuli, siku mbili mfululizo.

Siku za kawaida mstari wa mita ulipanda asubuhi watu wanapooga, ukashuka mchana, ukapanda tena magharibi. Siku zile mbili ulipanda ukakataa kushuka. Bomba lilijaa pomoni! Maji ya mvua yalikuwa yakiingia kwa nyufa, na kwa mifereji ya paa ambayo watu waliiunganisha kimyakimya. Kwa yeyote mwenye akili, jibu lilikuwa wazi: bomba lile halikuwa na nafasi ya nyumba hata moja zaidi.

Twaha alikuja na fomu yangu ya kazi, tukiwa tunakula chakula cha mchana.

"Zuhura, mita yako iliziba kwa matambara siku zile mbili," alisema.

"Haikuziba. Niliisafisha mwenyewe asubuhi ile. Ilikuwa safi kama sahani hii."

"Andika iliziba, nizitoe siku hizo kwenye hesabu. Siku za jua modeli yangu inafuatana na mita vizuri kabisa."

"Na masika yakija, Twaha?"

Aliweka kijiko chini. "Wataka mumeo afedheheke mbele ya watu kwa ajili ya siku mbili za mvua?"

Nikatia sahihi. Niliandika kwa mkono wangu kwamba mita iliyokuwa nzima ni mbovu. Mume wangu alikuwa anamkata mtu ili nguo imtoshe, na mimi ndiye niliyemshikia mkasi!

Nyumba zikaunganishwa. Twaha akapandishwa cheo. Mimi nikajiambia huenda mvua ile ilikuwa ya ajabu tu, haitarudi. Mwadhani niliamini? Sikuamini. Nilikuwa nikipita kwa dada naona kisima chake uani, hatua chache tu kutoka manholi, na naangalia pembeni.

Masika yalifika. Jumamosi moja, baada ya adhuhuri, mvua ilimwagika kana kwamba mbingu zimepasuka. Simu ikalia.

"Zuhura, njoo! Choo kinarudisha!"

Nilimkuta dada amesimama uani, uchafu umemfika magotini. Kifuniko cha manholi kilikuwa kimenyanyuka, na majitaka yanabubujika kama chungu kinachochemka. Yaliingia jikoni. Yaliingia kisimani. Dada akanishika mkono, akaniuliza kwa uchungu, "Wewe ndiwe fundi, mdogo wangu. Hivi haya hamkuyaona?"

Nilishika ndoo nikaanza kuteka.

Nilimkataza yale maji ya kisima. Nilimkataza mara tatu! Lakini mifereji ya maji safi ya mtaa mzima ilikuwa imekauka, na kuni zote za kuchemshia zilikuwa zimelowa... akayanywa. Siku ya pili alianza kuhara na kutapika. Siku ya nne, hospitalini, aliaga dunia. Mwanasiti wangu! Aliyenisuka nywele, aliyeninunulia sare, nikamlipa kinyesi cha watu kisimani.

Kampuni ikaita kikao cha uchunguzi. Nilikwenda nikidhani mume wangu atakaa upande wangu. Alichomoa fomu ile na kuiweka mezani.

"Mimi nilitegemea taarifa ya fundi," alisema. "Bi Zuhura ndiye aliyethibitisha kwamba mita iliziba."

Bi Zuhura! Mtu ambaye asubuhi ile alikuwa amekunywa chai niliyompikia kwa mikono yangu! Nilisema ukweli wote, nikalia, nikaapa kwa Mungu. Mmoja wa wakubwa akaniuliza swali moja tu: "Hii sahihi ni yako?"

Ilikuwa yangu. Nikafutwa kazi siku hiyohiyo.

Habari haikai. Siku ya hitma ya arubaini, shemeji yangu Kombo, mume wa marehemu, alinisubiri mlangoni.

"Shemeji, naomba unisikilize..."

"Usiniite shemeji. Ulijua?"

Ningeweza kumsingizia Twaha, na nusu yake ingekuwa kweli. Nikasema, "Nilijua."

"Basi toka kwangu. Na siku nikifa, usije kunizika."

Wanawake waliokuwa wakipika pilau waligeuza nyuso zao. Hakuna hata mmoja aliyenisindikiza.

Talaka yangu ililetwa kwa ujumbe wa simu. Twaha aliandika kwamba "nimemharibia jina." Jina lake! Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Baada ya hapo sikuwa na cha kuogopa. Nilikwenda kwa wakili, nikala kiapo, nikaandika kwamba mita ilikuwa nzima na kwamba niliongopa. Wakili alinionya kwamba huenda nikashtakiwa. Nikamwambia aniwekee muhuri. Wakazi wa mtaa wa dada walipoipeleka karatasi ile serikalini, modeli ilitengenezwa upya na injinia mwingine, safari hii siku za mvua zikiwamo ndani. Sasa wanachimba bomba pana zaidi. Twaha amevuliwa cheo, anahangaika Mariakani na kazi ndogondogo. Sijamsamehe, na msiniambie nimsamehe.

Mimi naishi Junju kwa mjomba, nalima mihogo. Nilishtakiwa kama wakili alivyonionya, na kesi yangu bado haijaamuliwa. Mwezi uliopita nilikutana na Kombo sokoni, nikamwamkia. Alitema mate chini, akaenda zake. Nilistahili.

Enyi mnaosoma, hasa nyinyi mnaotia sahihi kazi za watu... msiandike kwa mkono wenu jambo ambalo macho yenu yamelikana. Usimfanyie mume, usimfanyie mkubwa, usimfanyie hata aliyekulea. Mapenzi gani yanayokutaka uongope? Akikununia, na anune! Akikuacha, na akuache! Mimi niliogopa kuachwa, na nimeachwa vilevile, na dada yangu yuko kaburini.