Saa Nne Darajani

Jumatatu ile duka la kompyuta lilifurika watu mpaka mlinzi akakata tamaa, akaketi. Foleni ilitoka mlangoni, ikakata kona, ikaishia mbele ya duka la viatu ambalo mwenyewe alikuwa amenuna si mchezo. Wote walifuata kitu kimoja: namba ya kuingilia toleo la majaribio la Milango Tisa, ule mchezo wa mtandaoni ambao kila mtu anaishi humo kupitia mhusika wake. Ulizimwa ghafla miaka sita iliyopita, sasa unafufuliwa. Siku sita tu za kuujaribu, mpaka Jumamosi saa kumi jioni, halafu wenye mchezo waufunge warekebishe kasoro.

Katikati ya foleni alisimama binti mmoja aliyevaa gauni la rangi ya chungwa na raba nyeupe. Shingoni alikuwa na utepe wa kupimia nguo aliosahau kuuvua kazini. Nyuma yake alisimama jamaa mrefu, shati la mistari, unga kwenye nyusi.

"Kaka, una unga usoni."

"Na wewe dada una tepu shingoni. Wote tumetoroka kazini, tusichongeane."

Binti akacheka, na kicheko chenyewe, jamani, kilimfanya jamaa asahau foleni inasogea. Dakika kumi hazikupita wakawa wameshajuana. Jamaa alikuwa mwoka mikate katika duka la dada yake mkubwa. Binti alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha nguo, mashati mia tatu kwa siku, na kasoro haimpiti.

"Haya, hili langu?" jamaa akajitanua kifua.

"Kola imepinda. Kifungo cha tatu si ndugu wa wenzake. Na bega limeshonwa na mtu mwenye haraka zake."

"Nimelishona mwenyewe."

"Nimeona."

Wakacheka mpaka mwenye duka la viatu akawatolea macho.

"Sasa mkaguzi mzima," jamaa akauliza, "mchezo unautakia nini?"

Binti akaanza kuuzungusha ule utepe kidoleni. "Namtafuta mtu. Zamani humo nilikuwa Sindano, mganga wa kushona majeraha. Nilikuwa na mwenzangu, Ngao Kutu. Miaka miwili tumepigana bega kwa bega, sura yake siijui, sauti siijui. Tukaahidiana: Jumamosi, saa nne asubuhi, kwenye daraja la mawe, tupeane namba za simu. Ijumaa wakauzima mchezo. Nilikuwa na neno la kumwambia, kaka yangu, na neno hilo limekaa kifuani miaka sita."

Jamaa akashika ukuta. Nisikufiche, msomaji, mimi si mtu wa kukuweka roho juu bure: Ngao Kutu alikuwa yeye.

Kwa nini hakusema pale pale? Mwenyewe aliisubiri Jumamosi ile miaka sita; aje aimalize kwenye foleni ya kusukumana, na unga usoni? Thubutu! Atasimama darajani, siku ile ile, saa ile ile, alisikie neno lake mahali lilipopangwa kusemwa. Basi akatoa simu mfukoni.

"Utampata tu. Nipe namba yako. Ukimpata, mimi uniambie wa kwanza."

Wiki hiyo simu hazikupumzika. Asubuhi alipiga yeye, mchana akapiga binti, jioni sijui nani alimpigia nani.

"Mwoka mikate, umeamka?"

"Nimeamka kabla ya jogoo, mpenzi. Mikate haijioki."

"Nani kakuruhusu kuniita mpenzi?"

"Limeniponyoka. Nilirudishe?"

"Acha tu, limeshafika."

Jumatano binti alimwambia amezunguka milango yote tisa. Wahusika wengi wa zamani walikuwa wamerudishwa humo kutoka ghala la kumbukumbu, hata wasio na mtu wa kuwaendesha, lakini Ngao Kutu hakumwona popote. "Amebaki kuwa wa Jumamosi," alisema. Kisha akapunguza sauti. "Tatizo ni moja. Nikimtafuta yeye, nakukumbuka wewe. Sijui nina wazimu gani."

Jamaa aliruka, akapiga kichwa kwenye rafu ya trei. Nusura amwage siri yote. Akajikaza. Zimebaki siku tatu, alijiambia, tatu tu.

Jumamosi ikafika. Kompyuta ya jamaa ilikuwa chumba cha nyuma cha duka, kati ya magunia ya unga. Saa tatu na nusu akamsimamisha Ngao Kutu katikati ya daraja la mawe, na ngao yake yenye kutu, uso kuelekea upande ambao Sindano angetokea. Alijikuta anatabasamu peke yake.

"Wewe!" dada yake akaita. "Donge linamwagika, njoo!"

Mashine ya kukandia ilikuwa imekwama na donge limefura kama godoro. Akaingiza mikono mpaka viwikoni. Alijua ni kazi ya dakika tano. Ikawa ya saa nzima na zaidi.

Saa nne kamili Sindano alitokea darajani, na huko kwake binti akapiga ukelele hadi jirani akagonga ukuta. Ni yeye! Ngao ile ile, kutu ile ile! Akaandika: "Ngao! Ni mimi!" Kimya. Akamchezea ngoma, akamrushia maua, akamwita kwa majina yote ya utani ya zamani. Dakika arobaini. Ngao hakutikisa hata kope. Halafu binti akaona bega la Ngao limepenya ndani ya jiwe la daraja, na pale jicho la kazini likazinduka. Kumbe si mtu! Ni picha ya ghalani, imerudishwa vibaya, mwenyewe hayumo.

Alilia kidogo. Halafu akafanya analofanya kila siku akikuta kasoro, akajaza fomu ya taarifa: "Mhusika wa zamani ameganda darajani. Hana mtu ndani. Aondolewe."

Wenye mchezo wakashukuru, wakamwondoa.

Saa tano jamaa alirudi mbio, akifuta mikono kwenye aproni. Daraja tupu. Kwenye skrini kulikuwa na maneno mawili matatu: mhusika wako ameondolewa kwa taarifa ya mjaribu Sindano. Alisoma mara nne. Basi alikuja, alimwona, alilisoma jina, na akaomba afutwe. Jamaa akaketi juu ya gunia.

Saa sita simu ikalia.

"Mwoka mikate wangu," sauti ya binti ilikuwa imelowa. "Sikumpata. Nimekuta picha yake tu."

Jamaa akayasoma tena maneno ya kwenye skrini.

"Unanisikia?"

"Nimekusikia. Umeandika aondolewe."

"Ilikuwa kasoro!"

"Sawa. Basi ule mkono wake wa kushoto uliushona bure." Akakata.

Binti akabaki ameishika simu. Mkono wa kushoto? Ijumaa ile ya mwisho, pangoni, walikuwa wawili tu. Alimshona Ngao mkono wa kushoto, nusu saa baadaye mchezo ukazimwa. Hakuwahi kumsimulia mtu. Hata kwenye foleni hakusema.

"Mama yangu!" alipiga kelele. "Nimemfuta mwenyewe!"

Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena na tena. Akafungua fomu, akaandika: "Nasahihisha taarifa yangu ya asubuhi. Mhusika hana kasoro. Mwenye kasoro ni mkaguzi. Nawaomba mmrudishe kabla ya saa kumi." Akatia kompyuta yake mpakato mkobani, akatoka na raba hazijafungwa kamba.

Duka la mikate aliloelekezwa wiki ile kwenye simu lilikuwa limejaa. Binti akapanga foleni, akafika mbele ya kaunta, akasimama. Hakusema kitu.

"Karibu, nikupe nini?" akauliza dada mkubwa.

Binti kimya, macho mbele, mikono chini.

"Jamani, huyu dada ameganda!" akalalamika mama mmoja nyuma.

Jamaa akatokea na trei ya maandazi, akamwona. Trei ikayumba.

"Unafanya nini hapa?"

"Nasubiri," binti akajibu kwa midomo tu, mwili hautikisiki. "Nitasimama mpaka mwenyewe anijibu. Ukiona ni kasoro, andika taarifa niondolewe."

Foleni nzima ikacheka. Jamaa alitaka kukasirika, ikashindikana.

"Nilijua umeniona ukanikataa."

"Nikukatae! Nimekurushia maua dakika arobaini, vidole vimeota malengelenge! Ulikuwa wapi?"

"Kwenye donge. Mpaka viwikoni."

"Na Jumatatu, ulikuwa na donge mdomoni?"

Jamaa akainama. "Nilitaka saa nne, darajani. Na niliogopa. Labda ulimtaka Ngao, si mimi mwenye kola iliyopinda."

Binti akaacha kuganda. Machozi yalimtoka na kicheko pamoja. "Neno lenyewe lilikuwa nakupenda, we mwanamume! Nilimpenda yule miaka sita, na Jumatatu nikaanza kukupenda wewe, wiki nzima najiona msaliti. Kumbe ni mtu mmoja!"

Watu wakapiga makofi. Dada mkubwa akafungua kijilango cha kaunta.

"Wifi, pita huku, unanizuilia wateja. Na wewe weka trei chini kabla hujaniaibisha."

Chumba cha nyuma, saa kumi kasoro dakika nane. Kwenye kompyuta ya jamaa ujumbe ulikuwa unasubiri: mhusika amerudishwa, samahani kwa usumbufu. Binti akafungua yake juu ya gunia. Sindano akakimbia, akafika darajani. Ngao Kutu akainua mkono wa kushoto.

"Umechelewa," jamaa akaandika, ingawa mabega yao yalikuwa yamegusana.

"Wewe ndiye uliyechelewa," binti akaandika.

Wakalivuka daraja pamoja, hatua kwa hatua, mpaka ng'ambo. Halafu skrini zote mbili zikawa nyeusi. Majaribio yamekwisha, asanteni.

"Wamezima tena," jamaa akasema, na rangi ikampotea kama Ijumaa ile ya zamani.

Simu ikalia mfukoni mwa aproni yake. Akaitoa, akatazama jina, akamtazama binti aliyekaa pembeni yake na simu sikioni.

"Haloo?"

"Haloo," binti akasema. "Wazime tu. Safari hii namba yako ninayo."