Ndoo ya Rangi Isiyo na Magadi

Kila asubuhi, kabla wanawake wa Namatala, mtaa wa mji wa Mbale, hawajafika, Hasifa aliwasha jiko la mkaa, akabandika sufuria ya nta, akakaa kuiangalia ikiyeyuka. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alikuwa amefariki kwao Jinja mwanzoni mwa mwaka ule wa 1995, na watu walimsifu Hasifa kwa ujasiri kwa sababu hakulia mazishini. Ujasiri wenyewe haukuwapo. Hakusikia chochote tu: si uchungu, si njaa, si hamu ya kucheza.

Shangazi yake, Mariat, ndiye aliyemchukua. Mariat alikuwa fundi wa batiki, vitambaa vinavyochorwa kwa nta kisha kutiwa rangi, na alizunguka na masufuria yake mji hadi mji akifundisha wanawake kazi hiyo, kisha akifanya maonyesho ya vitambaa vyao. Mikono yake ilikuwa myepesi, na mdomo mwepesi zaidi. "Kazi itakusahaulisha," alimwambia Hasifa, akamrundikia kazi.

Hapo Mbale walipewa ukumbi mdogo. Wanafunzi walikuwa wa makabila mbalimbali, kwa hiyo Kiswahili, kinyooke kisinyooke, ndicho kilichowaunganisha. Hodari wao alikuwa Namono, mjane aliyewalea wanawe kwa kufulia watu nguo. Shangazi alikusudia kumwachia ualimu wa kikundi atakaporudi Jinja. Ili amjaribu, siku moja alimkabidhi ndoo ya rangi asimamie uchovyaji wa vitambaa.

Kazi ya Hasifa ilikuwa kuyeyusha magadi na kuyamimina ndani ya ndoo hiyo. Bila magadi, rangi haishiki kitambaa, hata ionekane imekolea namna gani. Lakini siku ile alikaa akiutazama mlima wa Wanale, na akili yake haikuwapo. Wanawake walichovya vitambaa, wakavianika, wakaenda makwao. Alipokuwa akifungasha vyombo, Hasifa aliikuta pakiti ya magadi kapuni, haijafunguliwa. Alijua maana yake papo hapo. Akaisukuma chini ya matambara, akaenda zake. Hakuogopa, wala hakujali.

Kesho yake vitambaa vilichemshwa ili nta itoke. Nta ilitoka, na rangi ikatoka nayo. Vitambaa vikabaki vimepauka, na maonyesho yalikuwa yamekaribia.

"Namono!" Shangazi alifoka. "Ndoo nilikupa wewe. Uliwaambia watoe nguo mapema, siyo?"

"Hapana, nyabo," Namono alimjibu kwa heshima. "Nilingoja kama vile ulinifundisha."

"Basi rangi imekimbia yenyewe? Mtu anashindwa ndoo moja, kikundi kizima nitamwachia namna gani?"

Wenzake walimkodolea macho. Mmoja akasonya. Namono akamwendea kila mwanamke, akampigia magoti kama ilivyo desturi ya kuomba radhi, na kusema, "Nisamehe, dada. Mimi sikusoma. Labda nilikosea bila kujua."

Hasifa alitazama yote yale kama mtu anayetazama mvua ya mtaa wa pili. Mara Namono akafika mbele yake.

"Na wewe, mwanangu," alisema, huku akianza kukunja magoti. "Ile nta uliyeyusha kwa moshi kila asubuhi. Kazi yako pia nimeharibu."

Mtu mzima kumpigia mtoto magoti! Hasifa aliona aibu, aibu iliyomchoma hadi masikioni. Lilikuwa jambo la kwanza alilolisikia moyoni tangu mazishi.

"Usipige magoti, mama!" alipaza sauti, akamshika mikono. "Ni mimi. Sikutia magadi. Nilijua, nikanyamaza."

Alikwenda kapuni, akaitoa ile pakiti. Shangazi aliinua mkono kumpiga, akaushusha. Kisha yeye mwenyewe akapiga magoti mbele ya Namono, mdomo wake mwepesi ukiwa mzito.

"Nimekuhukumu kabla sijauliza," alisema. "Nisamehe, dada yangu."

Maji yakimwagika hayazoleki. Walikata vitambaa vipya na kuanza upya, na safari hii Hasifa aliyeyusha magadi Namono akiwa amemsimamia. Siku ya maonyesho vitambaa vilikuwa vichache, lakini rangi zake zilikolea. Wageni waliokuja kutoka mtaa wa Nkoma walipouliza nani atakayeendelea kufundisha, Shangazi alimshika Namono mkono na kumsogeza mbele.

Wageni walipoondoka, Hasifa alimfuata Namono na kumwambia ukweli uliobaki. "Sikufanya kwa ubaya, mama. Sikujali tu. Tangu mama afe, sijali kitu."

Namono hakumkemea. Alimkalisha karibu naye.

"Moyo ukifa ganzi si kosa, mwanangu. Mimi nilizika mume, ninaijua ganzi hiyo. Usiulazimishe, utaamka wenyewe. Lakini moyo ukilala, ulimi usilale. Kosa ukilinyamazia halipotei. Linatafuta mgongo wa mtu mwingine likae. Juzi lilipata wangu."

Hasifa aliinamisha kichwa. Machozi yalikuwa yakimdondoka, naye hakuyafuta.