Shokomzoba ya Nane

Kila tulipojiandaa kurudi kutoka mashindanoni, kazi yangu ilikuwa ileile. Shangazi Casimira, fundi wa gari la mbio la baba, alisoma orodha ya vipuri, nami nikatazama sandukuni na kujibu, "Vipo!" Safari hii, tulipotoka kwetu Tarija na kuvuka mpaka kuingia Argentina, watu wa forodha waliipiga mhuri orodha hiyo: kila kilichoingia kwa ajili ya mbio lazima kitoke.

Kule Orán, kwenye mashindano, shokomzoba moja, kile chuma kinachopunguza mitikisiko ya gari, ilivunjika. Shangazi alifunga nyingine, ile mbovu akaiweka chini ya turubai. Mimi, mjuaji wa mambo, niliona ni takataka tu. Nikampa don Eleuterio, mnunuzi wa vyuma chakavu, naye akanipa biskuti mbili za maziwa. Nikazila zote.

Asubuhi ya kuondoka shangazi akauliza, "Nieves, shokomzoba tatu za sandukuni na ile mbovu, zipo?"

Ndipo nilipoelewa kwamba hata ile mbovu inahesabiwa. "Zipo!" nikajibu.

Tukaenda hadi mpakani, Aguas Blancas. Afisa wa forodha alihesabu mara mbili.

"Bwana Braulio, ziliingia nane. Gari lina nne, sanduku lina tatu. Moja umemuuzia nani?"

"Nimuuzie nani chuma kilichovunjika, afande?" baba akasema.

"Kizima, kibovu, kimeandikwa. Mngetaka kukitupa, mngetuita tushuhudie. Kisipopatikana leo, gari linabaki hapa."

Baba alikuwa amelijenga gari lile kwa miaka minne. Nilimwona akishika mlango wake, nami niliogopa kuliko siku yoyote maishani mwangu.

"Ni mimi!" nikasema huku nalia. "Nilimpa don Eleuterio. Baba hajui!"

Afisa alitazama saa yake. "Mna mpaka saa kumi na mbili jioni," akasema.

Mimi na shangazi tulirudi Orán kwa basi. Tulimkuta don Eleuterio akipakia lori.

"Ala, binti! Umezimaliza biskuti, sasa unataka na chuma?" akacheka, huku akichakura rundo lake. Mimi sikuweza kucheka. Alipoitoa, niliikumbatia na grisi yake yote.

Saa kumi na moja na nusu, kule mpakani, afisa alilinganisha namba, akagonga mhuri. Tukavuka daraja kuingia Bermejo, upande wetu.

"Nisamehe, baba, kwa kuitoa ile shokomzoba," nikasema.

"Hilo nimeshasamehe, hukujua," baba akajibu. "Lakini mwanangu, asubuhi ulikuwa unajua. Tulikuwa bado Orán, mwendo wa dakika tano hadi kwa don Eleuterio. Ukasema 'zipo', ukaniacha niende kusimama mbele ya afande nikitegemea neno lako."